Nyuso Mia Sita na Kumi na Mbili

Saa nne usiku, Ruwi, ghorofa ya tatu juu ya duka la mizani.
Kiyoyozi kinakohoa kama mvuta buruma.
Saa kumi na moja alfajiri basi linaondoka kwenda Duqm,
na vitambulisho au bila vitambulisho,
na mlinzi wa lango la bandari hasomi jina. Anasoma uso.
Asiye na uso anabaki nje, na siku yake haihesabiwi.

Programu yangu imemaliza kazi. Haikulalamika.
Imeandika "tayari" kwa herufi za kijani,
nami nikafungua hati:
Ronju Mia, mpaka rangi. Wekesa, fundi wa mabomba.
Okurut, dereva wa winchi. Thushara, mpishi.
Majina yamekaa sawa, namba zimekaa sawa,
na pale pa uso, kisanduku cheupe
chenye mstari mwembamba ukingoni,
kama dirisha la nyumba ambayo haijahamiwa.
Asiye na mwana aeleke jiwe, Mama husema.
Karatasi yangu imeeleka hewa
mara mia sita na kumi na mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, la kijinga.
Niliielekeza maktaba kwa njia inayoanzia mezani kwangu:
folda ya Picha, kisha Duqm, kisha Mpya, kisha Mpya Kabisa.
Seva haiijui meza yangu.
Ni kama kumwambia mgeni aliyetoka Salala jana,
"Pinda pale alipokuwa akiuza maandazi Bi Ghaniya,
halafu ulizia."
Nikaandika njia nzima, tangu shinani.

Bado weupe.

Saa sita Mahfudh wa usafiri akapiga simu.
"Vipi?"
"Vinakuja."
Sote wawili tunalijua neno hilo na urefu wake.

La pili lilinigharimu karak mbili na biskuti za mwenzangu.
Maktaba huiita picha, kisha haiingoji.
Picha iko njiani, ndiyo kwanza inatafuta viatu,
yenyewe imeshafunga ukurasa, imegonga muhuri, imeaga.
Si ubaya wake. Hakuna aliyeiambia isubiri.
Nikaongeza neno moja mwanzo wa mstari: ngoja.
Neno ninaloambiwa tangu nina miaka minne
na sijawahi kulipenda.

Wakaja.

Wakaja wamelala ubavu, wote waliopigwa kwa simu,
safu kwa safu, kama abiria wa usiku.
Simu hubandika kikaratasi nyuma ya picha, "juu ni huku,"
na maktaba haina desturi ya kugeuza nyuma.
Nikawasimamisha.
Wakasimama na vichwa vipana kama mapapai,
kwa kuwa nimelazimisha upana na urefu pamoja.
Nikashika upana, nikauachia urefu ujitafutie,
na mashavu yakarudi kwa wenyewe.
Thushara alikuwa na kishimo kidevuni. Hapo ndipo nilipokiona.

Halafu namba mia nne na saba.
Shafiqul, mchomeleaji vyuma.
Picha imekatwa kutoka picha nyingine, pengine ya harusi:
shati la kung'aa, nusu ya shada la maua,
na begani mwake vidole vinne vya mtu
ambaye mwili wake umebaki nje ya fremu.
Kanuni inasema mtu mmoja, nyuma peupe.
Nilipima. Pikseli arobaini kutoka kushoto
na vidole vinakwenda, ila na sikio linakwenda.
Pikseli thelathini, sikio linapona,
kinabaki kidole kimoja kama mdudu ametua.
Nikajaribu thelathini na tano. Nikafuta.
Nikajaribu sifuri.

Saa kumi na robo printa ikaanza kuvitema,
mimi nikivipanga kwenye boksi la viatu,
Mahfudh mlangoni na ufunguo wa gari kidoleni.
Alivihesabu bila kuangalia, kama mtu anayehesabu karata,
akasita kwenye kimoja, akakigeuza,
akanitazama.
"Huyu mkono wa nani?"
Nikamwambia sijui.
Akakirudisha mahali pake. Kilikuwa bado cha moto.